Kijerumani cha Mjomba Rama

Mkitaka kunicheka nichekeni mara moja mmalize, maana habari hii niliificha weee, mpaka mama yangu mzazi akaisikia kwa watu kabla ya kuisikia kwangu, na hadi leo nikipita stendi ya Ukunda kuna jamaa mmoja wa bodaboda hunipigia honi na kuniita kwa neno ambalo nitawaambia mbele, tulieni kwanza.

Mimi ni Hamadi wa Msambweni, nasomea uuguzi, na aibu yenyewe ilinifika Ujerumani, lakini ilianzia hapa hapa kwetu, ufuoni Diani, kwa mjomba wangu Rama, mdogo wake mama. Mjomba Rama wengi mnamjua (na usiyemjua, mshukuru Mungu). Anawauzia watalii vinyago, shanga na leso tangu mimi sijazaliwa, na Kijerumani anakimwaga kama maji. Hakukisoma popote, kakiokota kwa wageni wenyewe pale mchangani. Mimi likizo zangu zote za shule nilikuwa nyuma yake, na kwa kumsikiliza nikajua kusema "njoo uangalie, kuangalia ni bure", nikajua "bei ya rafiki", nikajua "mama mrembo, huyu twiga anakulilia wewe." Basi hicho ndicho Kijerumani changu, na pale ufuoni nilikuwa bingwa, wageni walikuwa wakinipigia makofi.

Sasa katika maneno ya mjomba lilikuwako moja likinipendeza kuliko yote. Mgeni akija akashika kila kitu, akageuzageuza, akauliza bei ya meza nzima, kisha akaondoka bila kununua hata ushanga mmoja, mjomba hakuwa akikasirika. Anangoja ampe mgongo, anaweka mkono kifuani, anainamisha kichwa, anatabasamu mpaka jino la mwisho, halafu anasema taratibu, "Danke, gaitshalsi." Hiyo danke ni ahsante, nilijua. Hilo la pili, ambalo ndilo yule wa bodaboda ananiitia, sikuuliza, na kwa nini niulize, mtu kainamisha kichwa vile na mkono uko kifuani? Nilijua tu ni dua ya kuagana, Mungu akuzidishie, mambo ya namna hiyo. Nikaliweka akiba, nikasema iko siku litanifaa.

Siku ikaja. Nikapata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani, nikisomeshwa na chama cha wazee wa kule wanaosaidia wanafunzi wa nchi za mbali, na mimi nilikuwa wa kwanza kutoka pande zetu za Kwale. Wakaniambia waziwazi kabla sijapanda ndege: tunajaribu na wewe, tukiona umekaa vizuri, mwaka ujao tutamchukua mwingine kutoka kwenu. Na huyo mwingine, jamani, hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Riziki, dada yangu anayenifuata, kamaliza masomo yake, vyeti vimekaa tayari, na kila siku anakwenda kufua mashuka hotelini Diani huku akingoja mimi nimfungulie mlango. Siku ya kuondoka nilisomewa dua nyumbani, watu wakala pilau, na Riziki akanishika mkono akaniambia, "Kaka, usinitie aibu tu. Mengine namwachia Mungu."

Nikamwambia, "Ondoa shaka."

Hebu sikilizeni nilivyojipalia makaa. Siku ya kwanza kule chuoni mwalimu akasema wageni wote wataanza na darasa la lugha, ila kama yupo anayejua Kijerumani na anyooshe mkono, na mkono wangu mimi ulikuwa juu kabla hajamaliza kusema. Kimbelembele! Akaniuliza habari za safari, nikamjibu kwa kasi na lafudhi safi kabisa (mjomba kwa lafudhi hana mpinzani), nikamwambia hakuna shida, kila kitu kizuri, bei nzuri. Mwalimu akanitazama kidogo, kisha akaniacha nisiende darasa la lugha. Msichana mmoja wa darasani, Sunita, mtu wa Nepali, aliyekisoma Kijerumani kwa vitabu miaka na miaka, akaninong'oneza kwa Kiingereza, "Hamadi, una hakika?" Nikamjibu dada, mimi nimekua nacho. Na kwa kuwa nilikuwa nikibwabwaja kuliko wenzangu wote, ilipofika karamu ya kuwakutanisha wanafunzi na wale wafadhili, aliyechaguliwa kutoa neno la shukrani alikuwa nani? Mimi. Sunita akataka kuniandikia sentensi mbili tatu nizisome, nikakataa, nikamwambia kusoma karatasi ni kwa watu wasiojua lugha.

Basi nikavaa kanzu yangu nyeupe na kofia aliyonidarizia mama, nikaingia ukumbini. Wazee watupu, na keki, na kahawa isiyo na hata tone la tangawizi. Mbele amekaa Bi Helga, mwenyekiti wa chama, mama mtu mzima wa nywele nyeupe, na pembeni yake Bwana Otto, mtunza hazina, mzee mrefu mwembamba ambaye kahawa yake alikuwa akiinywa bila keki. Nilikuwa nimeshasikia habari zake. Huyo ndiye aliyekuwa akipinga kila kikao kwamba mwanafunzi wa pili hapana, hazina haitoshi.

Nikasimama. "Mabwana na mama warembo, karibuni, kuangalia ni bure!"

Wakacheka, nami nikajua nimeshawashika. (Kumbe pia nilikuwa nawaita wazee wa watu kwa ile "wewe" wanayoitwa watoto na marafiki. Kijerumani kina "wewe" nyingine ya kuwaambia wakubwa, kama sisi tusivyoweza kupita mbele ya mtu mzima bila shikamoo, na hiyo mjomba hakuwahi kunifundisha kwa sababu haimuuzii twiga.) Nikaendelea. Nikasema mmenipa bei ya rafiki, nikasema mimi nimefurahi, mama amefurahi, Msambweni yote imefurahi. Halafu nikaona wakati wa lile neno la akiba umefika. Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa mbele ya watu waliotoa vyao ili mtoto wa wenyewe asome, nikatabasamu mpaka jino la mwisho, na kwa sauti ya kufika jikoni nikasema, "Danke, gaitshalsi!"

Kijiko cha mtu kikaanguka. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani neno limewaingia moyoni! Tena nikaona labda wa nyuma hawakusikia vizuri, nikalirudia, na safari hii nikawaelekea mmoja mmoja, Bi Helga, danke gaitshalsi, nikamgeukia Bwana Otto, danke gaitshalsi, na yeye nikamwinamia zaidi ya wote kwa kuwa ndiye mwenye funguo za hazina.

Bi Helga akaniuliza polepole, "Kijana, neno hilo umelipata wapi?"

Nikajibu kwa majivuno, "Kwa mjomba wangu, Diani! Anawaambia Wajerumani wote wakiondoka!"

Wallahi ukumbi ulipasuka. Mzee mmoja alikuwa anapiga meza kwa kiganja. Sunita akaja mbio, akanivuta kanzu, akaniambia sikioni, "Hamadi, umewaita bakhili. Kila mmoja. Na huyu wa hazina umemwinamia kabisa."

Bakhili! Yaani mbele ya watu wanaonilisha, wanaonilaza, walionilipia mpaka koti nililokuja nalo, nimesimama na kofia ya mama kichwani nikawaambia ahsanteni, mikono ya birika. Nilichokiona mbele ya macho yangu ni Riziki na beseni lake la mashuka, nikasema basi, mlango nimemfungia kwa mkono wangu mwenyewe. Kijerumani chote kikanitoka, hata cha twiga. Nikaenda kwa Bi Helga, nikauchukua mkono wake nikaubusu kama tunavyowabusu bibi zetu, na nikasema kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichobaki, "Shikamoo bibi, niwie radhi."

Sunita akawaeleza nilichokusudia, kwamba nilidhani ni dua. Bi Helga alikuwa anafuta machozi, na machozi yenyewe ya kicheko. Akasema, "Kijana hakukosea sana. Neno amelirusha kwa wote, lakini mwenyewe tunaye humu." Akamgeukia jirani yake. "Otto, miaka yote hii tulikuwa tunakutafutia jina."

Bwana Otto akawa mwekundu mpaka masikioni. Midomo ikamtetemeka, nikajua sasa ama atalia ama atanizaba kofi. Akacheka. Alicheka kicheko kikavu cha kukwaruza, kama mlango uliokaa bila kutiwa mafuta, mpaka ikabidi apewe maji.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikapiga simu nyumbani ili nimtolee mjomba uvivu, na alipopokea nikamwambia yote kwa hasira, nikasikia simu imeanguka na mtu anacheka kwa mbali. Aliporudi akaniuliza, "Kichwa uliinamisha?"

"Niliinamisha."

"Na mkono kifuani?"

"Kifuani, mjomba!"

"Basi wewe umesema sawasawa. Tatizo ni kwamba wangu huwa wamenipa mgongo." Kisha akasema kwa upole, "Lakini mwanangu, si ungeniuliza maana yake?"

Nikakata simu, nikaenda kujiandikisha darasa la lugha, la mwanzo kabisa, nikaanza na moja, mbili, tatu pamoja na watu waliofika juzi. Na aliyenishangaza ni Bwana Otto, kila Jumamosi anakuja kunizoeza ile "wewe" ya heshima, nikikosea anaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, nami nakufa kwa haya. Nikaona nimlipe, nikamfundisha kwa lugha yetu watu kama yeye wanaitwaje. Nikamwonyesha birika, nikamwambia tazama mkono wake ulivyojikunja, haunyooki kumpa mtu. Akalipenda neno lile, akawa analirudia njia nzima, mikono wa pirika, mikono wa pirika, nami kwa roho safi namsahihisha.

Kikao cha kuamua habari ya mwanafunzi wa pili kikafika. Siku hiyo sikula kitu. Bi Helga ndiye aliyenisimulia: wajumbe wote wakamtazama Bwana Otto, akafungua mdomo wake kusema hazina haitoshi kama kawaida yake, na nyuma huko mtu akakohoa, "Gaitsh..." Akaufunga mdomo. Maana akikataa, jina limemkaa mpaka kaburini! Akanyoosha mkono akasema kijana wa Kwale apewe mwenzake. Mimi niliposikia nililia, sioni haya kusema.

Nikaja likizo, nikaondoka na Riziki. Siku ya safari watu wamejaa uani, mama analia, na kwa jicho la pembeni nikamwona mjomba Rama amemvuta Riziki kando ya jiko, anamnong'oneza kitu huku mkono uko kifuani. Nilikimbia, lakini nilipofika walikuwa wameshamaliza, na Riziki safari nzima hakutaka kuniambia ameambiwa nini.

Tukashuka kule. Mlangoni kabisa mwa uwanja wa ndege amesimama Bwana Otto na kipande kikubwa cha boksi, na juu yake ameandika kwa herufi nene, bila kosa hata moja, MKONO WA BIRIKA. Watu wanapita wanamtazama tu. Riziki akaniuliza, "Ndiye huyu?" Nikamwambia ndiye, na kabla sijamshika akawa ameshamfikia yule mzee, ameweka mkono kifuani, ameinamisha kichwa. Nikapiga kelele, "Riziki, ngoja!"

Hakungoja. Akasema kwa Kijerumani cha polepole, na kwa ile "wewe" ya heshima, "Nakushukuru, babu. Umenifungulia mlango." Yule mzee akaziba uso kwa boksi lake, mabega yakawa yanamtikisika.

Riziki akanigeukia, "Ulidhani nitasema lipi? Mjomba alinipa maneno mawili, lile lako na hili la heshima. Nilimuuliza maana ya yote mawili, nikachagua moja."

Basi mimi nimeapa. Neno nisilolijua maana halitoki tena mdomoni mwangu, liwe tamu vipi, na awe aliyenipa ni ndugu wa mama yangu tumbo moja. Na nyinyi mkipita ufuoni Diani mkamkuta mtu ameweka mkono kifuani anawatabasamia, msiitikie amina. Muulizeni kwanza amesema nini.