Mwanamke Aliyekuwa Akiongea Ndani ya Gari la Baba

Siku mama alipokodi bajaji kwenda kumfumania baba kule Raskazone, mwanamke tuliyemkuta hakuwa na miguu.

Hakuwa na mikono wala kichwa.

Na kabla hamjaanza kufukiza ubani, tulieni. Hakuwa jini.

Naitwa Hafsa, kwetu ni Chumbageni, na haya yametokea mwaka huu huu. Baba mwenyewe kaniruhusu niyaandike kwa sharti moja tu: niseme kwamba yeye ni dereva.

Haya. Mzee Mwinyijuma ni dereva.

Kaendesha malori ya katani miaka thelathini na moja na hajawahi kupindua hata mara moja. Ukimkuta barazani atakusimulia ule mteremko aliokatikiwa breki, akaisimamisha Skania kwa gia peke yake. Kila mwaka mteremko wenyewe unazidi kurefuka.

Sasa kaka yangu Saleh, anayefanya kazi Muscat, akamletea gari dogo la Kijapani. Mtumba, lakini lina akili zake.

"Baba, hilo likiona hatari linafunga breki lenyewe," Saleh alimwambia kwenye simu. "Ukitoka kwenye mstari linakurudisha. Bado kidogo tu lijiendeshe."

"Na mimi nakaa mle kama nani? Mzigo?"

Wiki ya kwanza ilikuwa vita.

Akitoka getini, gari linapiga piii. Akikwepa shimo, usukani unamtetemekea mikononi. Mbuzi akikatiza, gari linajifunga breki puu, kofia ya baba inaruka mpaka kwenye kioo. Na kila mara inatoka sauti ya mwanamke kwenye dashibodi, Kijapani kitupu, taratibu, kama mwalimu wa chekechea.

"Nimemwona!" baba anafoka. "Nimemwona, mama wee! Nilikuwa namsubiri asogee!"

Pale kijiweni watu hoi kwa kicheko.

"Mzee, mke mdogo kanuna tena?"

Basi siku moja alikuwa anakwenda Pangani kumjulia hali rafiki yake. Katikati ya safari mbele yake pakawaka picha ya kikombe cha kahawa, na yule mwanamke akasema maneno marefu, kwa sauti laini kweli kweli.

Baba akapunguza mwendo. Akakitazama kikombe. Kikombe kikamtazama.

Gari linamkaribisha kahawa!

Akasimama kwenye genge la kwanza aliloliona, akanywa vikombe vitatu na kashata.

"Yule," akaniambia jioni, "kalelewa."

Tangu hapo mambo yakabadilika. Akampa jina, Bibie. Asubuhi akiwasha gari, sauti ikiongea, anaitikia, "Na wewe pia, Bibie." Akawa anavaa kanzu iliyopigwa pasi kwenda kununua dagaa. Marashi akaanza kujipaka mpaka nyuma ya masikio.

Mama yangu, Bi Mwatumu, aliyaona yote hayo na hakusema kitu. Wanaomjua mama wanajua kwamba kimya chake hakijawahi kuwa habari njema.

Ikaja simu ya Alhamisi. Mama kampigia amwambie apitie nazi. Baba kapokea huku anaendesha, na mle ndani ya gari mwanamke anaongea.

"Ngoja kwanza, Bibie, niko kwenye simu," baba akasema.

Mama akakaa wima.

"Bibie nani?"

"Nani? Aa... gari."

"Gari?"

"Gari, Mwatumu. Wallahi gari."

Mama akakata simu. Akavaa baibui. "Hafsa, niitie bajaji. Miaka thelathini na nne ya ndoa, leo naambiwa gari!"

Hatukumtafuta sana. Baba baada ya swala ya alasiri hupenda kupunga upepo Raskazone. Tulilikuta gari limeegeshwa kivulini, limeelekea baharini. Baba kalaza siti, anatabasamu, anaongea peke yake.

Mama hakupiga kelele. Alifungua mlango.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

Akaangalia siti ya nyuma. Akainama akaangalia chini ya siti. Akafungua buti, akakuta tairi la akiba na mkungu wa ndizi. Akaunyanyua na mkungu.

Baba alipoona mambo yanaharibika, akaliwasha gari ili ajitetee. Sauti ikatoka, laini vile vile.

"Huyo!" mama akaruka. "Mwambie ashuke!"

"Atashukaje, Mwatumu? Kazaliwa humo."

"Anakwambia nini?"

Baba akakohoa. "Ananisalimia. Na barabarani ananisifu uendeshaji."

Massoud, yule Mpemba mwenye bajaji iliyotuleta, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa kashashuka kitambo ili lisimpite hata neno moja. Akasogea.

"Hebu lizimeni mliwashe tena. Miye nilikuwa baharia kwenye meli za magari. Japani nimekaa miaka sita."

Baba akazima, akawasha. Massoud akasikiliza, kainamisha kichwa. Kisha akashika kiuno, akacheka mpaka akaegemea bajaji.

"Hakusalimu, mzee wangu. Anasema hujatia kadi."

"Kadi gani?"

"Ya kulipia barabara za kwao huko. Kila ukiwasha anakukumbusha."

Wiki sita. Wiki sita baba anaitikia "na wewe pia."

Mama midomo ikaanza kumlegea kwa kicheko. Baba hakukubali kushindwa upesi hivyo.

"Na yale maneno marefu? Ya kwenye kikombe?" Akayaigiza, Kijapani cha Chumbageni, macho kayafumba. Ilibidi ayarudie mara tatu ndipo Massoud akaelewa.

"Anasema unaonekana umechoka, gari linayumba, pumzika."

"Na yale ya mbuzi?"

"Hayo mepesi. Anasema angalia mbele."

Baba akaushika usukani kwa mikono yote miwili, na gari limesimama. Alipoongea, alisema chini chini mpaka mama akalazimika kuinama.

"Mwatumu. Yule mbuzi sikumwona."

Hakuna aliyecheka.

"Na mwenye baiskeli pale sokoni, sikumwona. Hata watoto wa madrasa wale. Naona ukungu tangu Ramadhani iliyopita. Nikadhani kioo kichafu. Nikawa nakifuta."

Mama akauachia mlango. Halafu akazunguka upande wa pili, akaingia, akafunga mkanda.

"Hafsa, kaa kwenye usukani. Baba yako ahamie nyuma."

Na baba akahamia nyuma bila ubishi. Hapo ndipo nilipoogopa.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kashafanyiwa upasuaji jicho la kwanza, la pili ni mwezi ujao. Siku walipomtoa bandeji, alimtazama mama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Kumbe uko hivi bado!"

"Niko vipi?"

"Mzuri."

Mama akajifanya hajasikia. Lakini jioni ile tulikula pilau, na haikuwa sikukuu wala nini.

Basi ndugu zangu, somo langu ni fupi. Gari likikupigia kelele, mke akakupigia kelele, na kijiwe kizima kikakucheka, usianze kujitetea. Kapime macho.

Na mimi niliyewarudisha nyumbani siku ile nimepima wiki iliyopita.

Miwani yangu itakuwa tayari Jumatatu.