Gari Lililooshwa Kupita Kiasi

Kuliuza gari langu kulinigharimu ndoo nne za maji, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, na petroli ya kupanda mlima na kuushuka. Nimehesabu mara mbili.

Lilikuwa saluni nyeupe, silinda sita, kabureta mbili. Miaka ile ya themanini magari mengi ya huku yalibeba kahawa, na yalijikokota hata yakiwa matupu. Langu liliruka. Oili nililibadilishia kabla halijaomba. Niliamua kuliuza kwa sababu nyumba ilikuwa imefika kwenye linta, na bei niliyotaka ilitosha bati za paa zima. Nikipunguza, chumba kimoja kinanyeshewa.

Mnunuzi alitoka Nyakatuntu, mzee wa kahawa na ng'ombe. Asubuhi hiyo nililisugua gari mpaka ndani ya matairi. Akalizunguka akitafuna buni tulizomkaribishia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Linaumwa nini hili?"

"Haliumwi kitu."

"Kijana, barabara zetu nazijua. Gari lisilo na vumbi ni gari lisilotembea. Nakupa nusu ya bei, nusu nyingine nitampa fundi."

Mke wangu akacheka mlangoni. "Si nilikwambia, baba? Umelipamba kama bibi harusi, sasa watu wanatafuta kasoro."

Nikamfungulia mlango. "Panda, mzee."

Tukashika njia ya Kanoni. Mlima ambao malori huupanda kwa gia ya kwanza, sisi tuliupanda kwa ya tatu, huku nikipiga soga. Kwenye kona mzee alishika kofia. Kileleni alishika mlango. Wakati wa kushuka akamshika Mungu.

"Kijana, una watoto?"

"Watatu."

"Basi punguza!"

"Bei au mwendo?"

"Mwendo! Mwendo!"

Tulirudi wekundu kwa vumbi, gari na sisi. Mzee akapitisha kidole kwenye boneti, akakitazama, akasikiliza injini. "Sasa limekuwa gari," akasema. Akalipa bei yote. Mke wangu akahesabu, nami nikahesabu tena, kisha tukakimaliza kibuyu pamoja.

Paa langu halijavuja mpaka leo. Ila wiki iliyopita mzee amelirudisha gari, chafu makusudi, silinda zote sita zikinguruma vilevile. Anataka nilinunue kwa bei ya juu kuliko aliyonipa. "Nimelitunza kuliko wewe," anasema, na ni kweli.

Nalitaka. Basi nishaurini, ndugu zangu: nianzie wapi kulitafutia kasoro gari ambalo mimi mwenyewe niliapa halina?