Siku Nilipowapanga Wahaya Juani

Watu wa siku hizi wanapiga picha kwa simu huku wanatafuna mhogo. Sawa, wapige. Lakini mimi Kija binti Ndalahwa, mzaliwa wa Bujora, nilijifunza kupiga picha za harusi ndani ya nyumba wakati ambao Mwanza hii hata sabuni tuliipangia foleni, sembuse balbu za flashi. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima. Herufi zangu ni kubwa kama viazi, lakini zinasomeka, na hizi habari ni zangu, kwa hiyo naziandika mwenyewe.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Antoni, Mkerewe mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Studio yake ilikuwa Nyamagana, nyuma ya soko. Aliniajiri kufagia na kuanika picha zilizosafishwa. Nikafagia, nikaanika, nikamsumbua. Kila siku nilimwambia, "Mzee, nipe kamera." Kila siku alisema, "Kamera si mwiko wa ugali." Mwisho akachoka kusema, akanipa.

Picha za studio nilizishika upesi, maana mle taa zilikuwa mahali pake na mteja ameketi kwenye kiti. Za nje nazo hazikunishinda, jua lilifanya kazi yote. Kilichonitoa jasho ni ndani ya nyumba za watu. Huko kuna giza pembeni, mwanga mkali mlangoni, moshi wa jikoni, na mashangazi wanaopita mbele ya kamera wamebeba masinia.

Harusi yangu ya kwanza ya ndani ilikuwa Igogo, kwenye ukumbi wenye taa moja iliyokuwa inapepesa kama mtu mwenye usingizi. Kamera yetu ilikuwa ile ya kutazama kwa juu, unainamisha kichwa kama unachungulia kisima, na humo ndani kushoto inakuwa kulia. Nikamwambia bwana harusi, "Sogea kidogo." Akasogea. "Aa, huku." Akasogea tena. Tulienda hivyo, mimi nimeinama, yeye anatii, mpaka akaingia nyuma ya pazia na watu wakaanza kumtafuta.

Picha zilipotoka, Antoni alizitazama, akazigeuza, akazitazama tena.

"Kija."

"Abee."

"Watu wako wapi?"

"Hao hapo, mzee."

"Mimi naona gauni. Gauni limesimama, gauni linakata keki, gauni linacheza muziki. Aliyevaa yuko wapi?"

Ni kweli. Gauni liling'aa kama theluji ya Kilimanjaro, na juu yake hapakuwa na uso, giza tupu na meno. Kamera ilikuwa imelishiba gauni ikasahau binadamu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Antoni hakucheka siku ile, alicheka kesho yake.

Akanipa adhabu ya masomo. Aliweka mezani chungu cheusi cha kupikia, pembeni yake kilima cha unga wa sembe, akafunga madirisha na kubakisha ufa mmoja. "Piga mpaka nione chungu ni chungu na unga ni unga." Unga wenyewe ulikuwa wa foleni, mke wake alisimama mlangoni akiulinda kama askari wa benki. Nikapiga. Chungu kikawa shimo. Nikaacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu zaidi, unga ukalipuka. Nikazunguka, nikasogeza huku na huku, ndipo siku moja nikaona jambo. Upande wa chungu ulioelekea unga ulikuwa na mwanga. Mweupe alikuwa anamwangazia mweusi! Nilipiga kigelegele, mke wa Antoni akadhani nimemwaga unga wake.

Basi ikaja Sabasaba. Antoni alitakiwa uwanjani kupiga picha za gwaride na viongozi, na siku hiyo hiyo Ta Rweyemamu wa Isamilo ("Ta" kwao ni "Mzee") alikuwa anamwoza binti yake Kemilembe. Ta Rweyemamu alikuwa Mhaya wa Kihaya, kanzu, koti na fimbo, na Kiingereza cha kukohoa katikati. Antoni alinipa kamera, filamu na balbu chache za flashi alizozificha tangu Krismasi.

"Sikiliza," akasema. "Picha wanayoitaka kuliko zote ni ya bibi harusi amepakatwa na bibi yake kabla ya kutoka nyumbani. Inafanyika chumbani, mara moja, hairudiwi. Ukiikosa hiyo, harusi za ndani basi. Utabaki na watoto wa studio na timu za mpira zilizoshika vikombe mpaka uzeeke."

"Na nikiipata?"

"Kwanza ipate."

Nilipanda Isamilo nimekumbatia kamera kama mtoto mchanga. Nyumba ya Ta Rweyemamu ilikuwa imebanwa na jiwe, yale majabali yetu ya Mwanza, dirisha la chumba cha bibi likitazama jiwe tupu, hatua chache tu. Uani wazee wa Kihaya walikuwa wamejaa, wanatafuna buni za kahawa na kunywa rubisi, ile pombe yao ya ndizi, na waliponiona wakaanza.

"Ndiye mpiga picha? Msukuma?"

"Tena mwanamke!"

"Binti, ninyi si mnacheza na nyoka? Humo kwenye mkoba umeleta kamera au chatu?"

"Nimeleta chatu, wazee wangu," nikawaambia, "na hajala. Shikamooni."

"Marahaba!" Wakacheka, mmoja akataka kunionjesha rubisi. Sisi na wao ni watani, mdomo ukiwa mzito hapo umekwisha.

Nikaingia chumbani kwa bibi. Bibi Leonsia alikuwa mdogo, amekauka vizuri kama dagaa, ameketi kwenye mkeka, macho yake yana ukungu. Kulikuwa na giza, wee! Hata chungu cha Antoni kingeomba taa. Nikatoa balbu, nikaanza kuifunga.

"Hicho ni nini kinacholia-lia?" bibi akauliza.

"Flashi, bibi. Inatoa mwanga kidogo tu."

"Weka mbali. Huyo Antoni wako alinipiga nayo siku ya ubatizo wa mjukuu, nikaona nyota mpaka Pasaka. Leo nampakata Kemilembe, anakwenda kuolewa mbali. Haya macho niliyobakiwa nayo nataka yamwone yeye, yasione nyota."

"Bibi, bila flashi picha haitatoka."

"Basi isitoke."

Mimi ni mkaidi, lakini pale nilikutana na fundi wa ukaidi. Shangazi mmoja akaninong'oneza nipige kwa kuiba. Nikamkatalia. Kwanza ilikuwa aibu, pili bibi alikuwa na fimbo pia.

Nikatoka nje kwenye ule uchochoro kati ya dirisha na jiwe. Saa sita ilikuwa inakaribia, jua limeshuka mle ndani ya uchochoro likigonga jiwe, lakini jiwe la kijivu lilikuwa linalimeza lote, halirudishi kitu. Nikatazama jiwe. Nikageuka nikatazama uani. Mungu wangu, kanzu! Kanzu nyeupe pee, zimefuliwa kwa bluu, zimekaa kwenye viti zinakunywa rubisi bure!

Nikaenda mbio. "Wazee wangu, nawaomba wote mje msimame nyuma ya nyumba."

"Kuna nini? Nyoka ametoroka?"

"Nawahitaji mwangaze chumba cha bibi."

Wakatazamana. Ta Rweyemamu akasimama, koti lake jeusi limekaa sawasawa. "Unataka kutuambia sisi ni karabai?"

"Ndiyo, Ta. Tena mvue makoti."

Nakwambia, kelele zilizopanda hapo! Mzee wa Kihaya kuvuliwa koti siku ya harusi, na Msukuma, mbele ya wakwe! Mmoja alisema heri avuliwe kanzu abaki na koti. Mwingine alisema sisi Wasukuma tumezoea ng'ombe, kila tukionacho tunataka kukiswaga. Nikamjibu, "Ng'ombe wa baba angekuwa ameshafika, mzee." Hapo wakaangua kicheko, na mtu akicheka mkono unalegea. Nikalichukua koti la kwanza. La pili likafuata lenyewe. Ta Rweyemamu alivua la mwisho, akamkabidhi shangazi kama anakabidhi ofisi.

Nikawapanga kwenye uchochoro, bega kwa bega, migongo kwenye jiwe, jua linawapiga vifuani. Nikarudi ndani mbio. Nilisimama mlangoni nikashika mdomo. Chumba kilikuwa kimeamka. Mwanga laini umeingia dirishani, unatambaa ukutani, unamfikia bibi mashavuni bila kumchoma. Nikaitafutia kamera pa kukaa, maana bila flashi mkono hauwezi kutulia kiasi hicho. Jikoni kulikuwa na kinu. Nikakipindua, nikaiweka juu yake.

Kemilembe akaletwa, ameinamisha kichwa, uso umenuna kama inavyotakiwa, maana bibi harusi wao anayeonyesha furaha siku ile anasemwa mtaa mzima. Akaketi mapajani kwa bibi. Bibi akamshika kidevu, afungue kinywa amwambie maneno yake, mara akageuza kichwa.

"Nani wako dirishani?"

Wanaume! Kwa desturi ya nyumba ile, maneno ya kupakata ni ya wanawake, mwanamume hayasikii. Na pale dirishani masikio yalikuwa yamejipanga kama vikombe kabatini. Tena Ta Rweyemamu alikuwa amesogea achungulie, kichwa chake kimeziba nusu ya dirisha, chumba kikazima.

"Ta! Toa kichwa, umetuzimia taa!"

"Nataka kuona kama..."

"Toa kichwa!"

"Sisemi neno mbele ya wanaume," bibi akasema. "Waondoke."

Wakiondoka, mwanga unaondoka nao. Wakibaki, bibi hasemi, hakuna kupakatwa, hakuna picha, na mimi narudi kwenye watoto wa studio na timu za mpira. Nikachungulia dirishani, nikaona zile kanzu, na kanzu ni nyeupe mbele na nyuma.

"Wazee! Geukeni! Migongo huku, nyuso kwenye jiwe! Na mwimbe, msisikie!"

"Tuimbe nini?"

"Chochote!"

Wakageuka. Wakaanza kuimba, kila mmoja wimbo wake. Mmoja aliimba wa kanisani, mwingine wa kumsifu mtu wa ukoo wake, na Ta Rweyemamu, ambaye sauti hakupewa, alikuwa analiimbia jabali la Isamilo kwa moyo wote kama anataka lijibu.

Bibi Leonsia akamsogeza mjukuu wake kwenye mwanga. Akamtazama muda. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu, "Kumbe una kidoti hapa. Kama mama yako." Kisha akamwambia maneno yake, ambayo niliyasikia na siyaandiki.

"Sasa tulieni," nikasema. "Msipumue mpaka niseme."

Nikafungua jicho la kamera. Na pale pale kule nje Ta Rweyemamu akakosea wimbo, akarudia mwanzo, kwa nguvu zaidi. Nikamwona Kemilembe anabana kicheko. Nikamwona bibi naye. Hawakusogea, wametulia kama nilivyowaambia, lakini midomo yao ilikuwa imeshachanua. Nikafunga.

Usingizi sikuupata vizuri. Jumatatu iliyofuata tukaingia chumba cha giza, mimi na Antoni, taa nyekundu, karatasi ndani ya dawa. Likatokea kanzu la bibi harusi, namaanisha gauni, kila mkunjo unaonekana. Nikafumba macho. Antoni akanigonga kiwiko. Nikafumbua. Zikaja nyuso. Nyuso kamili, mikunjo ya bibi, kidoti cha Kemilembe. Wote wawili wanacheka, meno nje, machozi yanawatoka.

"Mwanga huu umeutoa wapi?" Antoni akauliza polepole.

"Kwa Wahaya."

Ghafla akashika kichwa. "Lakini anacheka! Bibi harusi amepakatwa anacheka! Rweyemamu atatuvunjia kioo cha studio."

Tukampelekea wenyewe, maana kungoja aje ilikuwa mbaya zaidi. Ta Rweyemamu aliishika picha, akaitazama, akakohoa kile Kiingereza chake. Wazee walikusanyika nyuma yake, makoti yamerudi mwilini. Mmoja akaanza, "Mtoto wa watu anacheka namna hii, wakwe wata..."

"Nileteeni," bibi akasema kutoka kwenye mkeka.

Akaipeleka karibu kabisa na jicho, mpaka pua ikaigusa. Akaisogeza huku na huku. "Ndiye huyu," akasema. "Huyu ndiye niliyemwona. Mwenye neno aje aniambie mimi."

Nani angeenda? Ta Rweyemamu akameza neno alilokuwa nalo, akaichukua picha, akaitazama upya, mara hii kwa wivu. "Sawa. Na sisi tuko wapi? Tumesimama juani, tumeimba, simwoni mtu!"

"Ninyi ndio mmeangaza kila kitu hapo, Ta," nikamwambia.

Akaitazama tena, akavuta kifua. Akaagiza nyingine kubwa ya ukutani, na mpaka tunatoka alikuwa anawaonyesha wenzake shavu la bibi na kusema, "Hapa ni mimi. Wewe ni huku kwenye sikio."

Tuliteremka Isamilo tunacheka, Antoni ananishika bega asianguke kwenye mawe. Tulipofika barabarani akajikausha, akarudisha sauti yake ya mtu mrefu.

"Jumamosi kuna harusi Usagara. Kanisa lina madirisha mawili na mti umeziba moja. Utaweza?"

"Nitaweza. Lakini mimi ndiye nitakayesema nani asimame wapi. Hata padri."

"Hata padri?"

"Hasa padri. Si anavaa nyeupe?"

Akasema sawa. Tangu hapo sikumpa nafasi ya kusema vingine.