Nyufa za Nyumba Zetu za Mlimani

Ile asubuhi bado iko machoni mwangu, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu yamekwisha kunitoka. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule karibuni, nimepata kazi ya kupiga chapa kwenye biro yetu, yaani ofisi yetu, ya Muhumba, katika shirika lililojenga nyumba na kuzipangisha kwa bei nafuu kwa watu wa kipato kidogo. Nyumba zenyewe zilikuwa nje ya mji, kwenye mteremko unaotazama barabara ya Nyangezi. Ukizitazama kutoka chini, mabati yakimeta baada ya mvua, ungesema hapo hapana shida yoyote.

Siku hiyo tulikutana mara ya kwanza na mkuu wetu mpya, Maman Ntakwinja, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, hata ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie. Hakutusomea hotuba. Aliuliza swali moja tu.

"Ni nani anakaa mu nyumba ya juu kabisa, ile ya karibu na mufereji?"

Papa Birindwa, fundi mkuu, alijibu kwamba hapo anakaa dereva na mke wake. Mhasibu akasema hapana, dereva alihama zamani, sasa analipa mjane. Maman Furaha, aliyekuwa na kazi ya kutembelea familia, akasema kwa fishi zake, zile karatasi za taarifa za kila familia, nyumba hiyo iko tupu. Kila mmoja alikuwa na karatasi mkononi, na kila mmoja alikuwa na hakika.

Maman Ntakwinja hakucheka wala hakukasirika. "Basi twende tubishe hodi," akasema.

Tukapanda wote, viatu vikizama katika tope. Mlango ulifunguliwa na bibi mmoja, Koko M'Mugaruka, wajukuu wakichungulia nyuma ya kitenge chake. Binti yake mjane ndiye aliyekuwa akilipa kodi, lakini alikuwa amekwenda Bunyakiri kununua mawese ya kuuza. Koko alitutazama kama watu waliochelewa.

"Munakuja sasa? Nilimuambia ule wa loyer, ule anakusanya kodi, ukuta ilipasuka. Akasema anaenda kuandika."

Na kweli aliandika, mwanangu. Hilo ndilo lililonikaa moyoni. Mkusanya kodi aliliandika neno la Koko, akalipeleka kwa mhasibu, na mhasibu hakuona ukuta unamhusu nini. Papa Birindwa, mwenye kazi ya kuta, hakuliona kamwe. Ufa ulikuwa mpana kiasi kwamba Maman Ntakwinja aliingiza vidole vyake ndani. Akavitoa taratibu, akatugeukia palepale uani.

"Huyu mama alitupatia neno lake, sisi tukalifungia mu tiroir ya meza. Kila mutu mu biro iko na kipande yake, anailinda kama shamba ya baba yake. Lakini Koko hakai mu kipande. Anakaa mu nyumba."

Koko akatukaribisha tuketi.

Kuanzia wiki ile kila nyumba ilipewa fishi moja tu, na fishi hiyo ilikuwa yetu sote. Yeyote aliyesikia jambo alilitia humo siku ileile: nani amehamia, nani amejifungua, nani haoni, ukuta gani umepasuka. Nami nilipewa kazi ya kuhakikisha jina moja haliandikwi kwa namna tofauti tofauti, maana hata hilo lilikuwa limetupoteza. Watu walinung'unika sana. Walisema tunaongezewa kazi.

Kilichobadilisha mioyo si fishi. Siku moja, katikati ya mkutano, Maman Furaha alisimama, akasema kwamba nyumba kadhaa alizoziandika hakuwa amezifikia. Mvua ilimzuia, akajaza alivyodhani. Sote tuliinamisha vichwa tukingoja afukuzwe.

"Asante, Furaha," Maman Ntakwinja akamwambia. "Sasa tunajua pa kurudia. Kesho nitapanda na wewe."

Basi. Na baada ya hapo watu wakaanza kuleta makosa yao wenyewe, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotua mizigo. Sikuwa nimewahi kuona biro ya namna hiyo.

Ulipofika msimu wa mvua nyingi, niliombwa nichore ramani ya nyumba zote ukutani, na kila penye ufa nitie alama nyekundu. Nyufa nyingi zilikuwa ndogo, za kuzibwa na saruji kidogo. Nilipomaliza, Papa Birindwa alikuja kutazama. Kisha akapitisha kidole chake kutoka alama hadi alama. Alama zile zilikuwa zimeshikana mstari mmoja, ukikata mteremko kutoka upande hadi upande.

"Hii si nyumba zinapasuka," akasema kwa sauti ndogo. "Ni mulima iko inatembea."

Mchana huohuo tulianza kuhamisha watu wa sehemu ya juu kwenye ukumbi wa parokia. Fishi zilituambia pa kuanzia: mzee asiyeona, mama aliyetoka kujifungua. Hao walibebwa kwanza. Baba mmoja alikataa. "Ufa yangu ni kidogo," alisema, "siwezi acha nyumba juu ya ufa kidogo." Papa Birindwa hakubishana naye. Alimkunjulia nakala ya ramani, akamwonyesha ufa wake, wa jirani yake, na wa jirani wa jirani. Yule baba alitazama, akaingia ndani, akatoka na godoro kichwani. Usiku ulipoingia, mteremko wote ulikuwa mtupu.

Mlima uliporomoka siku iliyofuata, jua likiwa limewaka. Tulisikia mngurumo, tukatoka nje ya ukumbi, tukaona safu ile yote ya nyumba ikishuka polepole kama mtu anayekaa chini kwa kuchoka, kisha vumbi. Hapakuwa na kilio. Maman Ntakwinja akaniambia, "Nabintu, soma majina." Nikasoma, nyumba kwa nyumba. Na kila jina nililolitaja, mtu aliitika, "Niko." Wengine waliitikiwa na mama zao, maana hawakujua bado kusema. Hakuna jina lililobaki bila jibu. Nimezeeka, mwanangu, nami bado sijui niliweke wapi jambo lile.

Leo, katika kazi kama ile unayoiingia wewe, mnaandika kwa simu, na mnaona kwa dakika tulichotafuta kwa wiki nzima. Nafurahi. Lakini shika haya. Ukiambiwa neno, lifikishe kwa anayelihitaji, usiseme si la biro yako. Usiandike nyumba ambayo hukuifikia. Ukikosea, sema mapema, na mwenzako akikiri kosa lake, mpokee, maana ukimwaibisha leo, kesho atakuficha. Na ufa mdogo usiudharau kabla hujauweka pamoja na nyingine.

Nenda kazini kwako, mwanangu. Mungu akupe sikio jepesi na mkono wa kweli. Wale utakaowatunza walale salama, na wewe ulale kati yao bila hofu.