Samaki Alioniachia Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliolewa akiwa na mvi. Nasema hivyo bila kijicho, au tuseme kwa kijicho kidogo, maana mimi ndiye dada mkubwa na sikuolewa kabisa. Tulikuwa tumebaki wawili katika nyumba ya wazazi wetu hapa Kuze, yeye orofani na mimi chini, tukigombana juu ya chumvi ya mchuzi na nani aliyeacha mlango wazi. Akatokea mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe, karani wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, mnene, mpole, wa kuchekacheka. Akamposa. Muda si muda nikajikuta na nyumba nzima peke yangu, na chumvi naitia nipendavyo.

Alihamia kwenye fleti Ganjoni. Si mbali, mtu akiamua huenda na kurudi chai haijapoa. Aliondoka na masanduku yake, cherehani, hata mbuzi ya mama ya kukunia nazi. Samaki wake tu ndio aliowaacha.

"N'tawajia, dada, nyumba ikitulia," aliniambia. "We n'tunzia tu."

Walikuwa samaki wa dhahabu, watano, katika tangi la kioo pale ukumbini. Mmoja alikuwa na mkia mrefu mwembamba, tukimwita wa shela. Mimi samaki niliyemjua ni wa kupaka, wa kuchomwa na tui la nazi. Hawa hawaliki, hawasemi, na bado wanataka kutumikiwa kuliko wakwe.

Lakini nilikuwa na hesabu yangu moyoni. Maadamu samaki wako kwangu, mdogo wangu ana sababu ya kupiga simu, na siku moja atakuja mwenyewe. Wakifa, atafuata nini huku? Basi nikawatumikia.

Nilijifunza maji upya, mimi niliyezaliwa katikati ya maji. Ya kisima chetu yana chumvi, hayawafai. Ya mfereji yana dawa, na huja yakipenda. Nilikuwa nikinunua mtungi kwa mwenye mkokoteni, na kwa kuwa sikujua ameyateka wapi, nayamimina kwenye ndoo na kuyaacha wazi yalale hadi kesho yake, dawa itoke. Kisha natoa sehemu tu ya maji ya zamani na kutia hayo yaliyolala, polepole, samaki wasishtuke. Chakula ni cha kudonoa tu, kwa sababu kinachobaki huoza na kuchafua maji. Na pampu haizimwi. Ni kidude kidogo kinachokaa sakafuni, kinavuta hewa ya chumba na kuipeleka ndani ya maji kwa mpira mwembamba. Joto letu hili hufanya maji yakose hewa, na samaki akikosa hewa utamwona yuko juu, mdomo wazi.

Mwanzoni mlio wa pampu ile uliniudhi. Baadaye, stima ikipotea na mlio ukakatika, ndipo nilipojua jinsi nyumba ilivyo kimya. Nilikuwa mpweke. Sikupenda kulisema neno hilo, hata peke yangu, lakini ndilo lenyewe.

Simu alipiga. "Wazima?" ndilo swali lake la kwanza. "Na wa shela?" Wakishakuwa wazima wote, ndipo aniulize na mimi. Niliumia, lakini nikishika simu mapema kabla haijalia mara ya pili.

Alhamisi moja akaniambia, "Kesho n'takuja, watu wakitoka msikitini."

Ijumaa ile nilipika wali wa nazi, nikatandika mito mipya. Na kwa kuwa ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi tangu aolewe, sikuweza kumpokea katika nyumba isiyonukia. Nikatoa udi mzuri, ule wa kwenye kopo, nikawasha makaa kwenye chetezo, nikautia. Nikafunga madirisha yote ili moshi ukamate mapazia, nikaweka chetezo sakafuni kwenye pembe isiyo na upepo, kando ya tangi. Kisha nikarudi jikoni kupalia wali makaa juu ya kifuniko.

Nilipotoka, samaki walikuwa juu wote, midomo wakiifungua na kuifumba. Wa shela alikuwa amelala ubavu.

Sikuelewa. Maji nilikuwa nimeyabadilisha asubuhi. Nikainama, nikanusa. Maji yalinuka udi. Ndipo nilipoiona pampu, sakafuni, ubavuni mwa chetezo, ikivuta moshi na kuupeleka moja kwa moja majini. Nilikuwa nimewafukiza samaki kama maharusi.

Nilitupa chetezo uani, nikafungua madirisha, nikaipandisha pampu dirishani ivute hewa ya nje. Nikateka maji zaidi ya nusu, nikatia yaliyolala, ndoo nzima ya akiba. Halafu nikachukua kata, nikawa nateka maji ya tangi na kuyamwaga kutoka juu, yakatike, yashike hewa, nateka tena, namwaga tena, mpaka gauni la ugeni likalowa kifuani.

"Musife leo," niliwaambia. "Kama ni kufa, kufani akishaondoka."

Wa shela alijiinua kidogo. Akaanguka. Akajiinua tena, akabaki hivyo. Nilikuwa bado nimeshika kata niliposikia mlangoni, "Hodi!" Mdogo wangu hakuwahi kupiga hodi katika nyumba hii.

Aliingia ananukia manukato nisiyoyajua. Alinikumbatia, akacheka kwa nilivyolowa, kisha akaliendea tangi kama nilivyojua ataliendea. "Mashallah! Wamenenepa!" Moyo ukanipanda. Sasa atasema atawajia wiki ijayo, au ile nyingine, na wiki zitakwenda hivyo.

"Baki nao tu, dada," akasema. "Bwana amen'nunulia wengine, na tangi kubwa, lina na taa. Nisikutaabishe tena."

Alisema kwa furaha, kama anayenipa zawadi. Nikamwambia, "Haya, mdogo wangu." Tukala. Alisifu wali, akatazama saa.

Wakati wa kuondoka nilimfukiza mlangoni, nje kabisa, mbali na pampu, mkono mmoja na mkono mwingine, kama tufanyavyo kwa wageni. Zamani angeninyang'anya chetezo. Akatulia, akangoja nimalize.

"Karibu kwetu, dada. Usijitenge," akasema, akapanda tuktuk. Kwetu. Naye alizaliwa chumba cha orofani.

Nilirudi ndani nikalia, sikujizuia. Kisha nikaona ndoo iko tupu, na maji yasipolala leo kesho sina cha kutia. Nikaijaza.

Simu bado huja, siku za sikukuu hasa. Mwenye mkokoteni ndiye huja daima. Hushusha mtungi, hufuta jasho, huniuliza kama watu wote waulizavyo, "Hawajambo nyumbani?"

"Hawajambo," namjibu, na sisemi uongo.