Majamvi Mlangoni kwa Shangazi

Tamasha la sanaa lilipotangazwa kuwa ni la bure na litafanyika vichochoroni, nilikuwa mtu wa kwanza kujitolea na wa kwanza kujuta. Nilipewa kiwanja kidogo cha mtaa wetu wa zamani, Mji Mkongwe, mbele ya nyumba ya shangazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kuwa igizo la siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, linapata watazamaji. Mimi ni mwalimu wa skuli. Nilidhani anayeweza kuwakalisha kimya watoto hamsini hawezi kushindwa na watu wazima ishirini.

Katika uchochoro ule shangazi ndiye aliyebaki. Majirani zake walishahamia Fuoni, Mwanakwerekwe na kwingineko, penye nafasi ya kuegesha gari, na nyumba zao zimegeuzwa za wageni, zimepewa majina ya viungo vya pilau. Mwanawe wa pekee, binamu yangu, naye alijenga Fuoni. Alimwekea mama yake chumba chenye vigae, na kila wiki alikuja kumuuliza atahama lini.

"Mama, mtaa ushakufa huu," alikuwa akisema. "Ukianguka ngazini, nani atakusikia?"

Shangazi ana miaka themanini na kitu, na ngazi zile hata mimi huzishuka kwa kumtaja Mungu. Lakini niliijua hofu yake, kwa kuwa aliniambia mwenyewe: alikiogopa kile chumba cha vigae kuliko ngazi. Wiki ile ya tamasha binamu akamwambia kuwa Jumapili anakuja na gari, na safari hii hataki visingizio.

"Na watu wakirejea?" shangazi akauliza.

Binamu akacheka. "Wakijaa hapa, Mama, sisemi tena neno la kuhama."

Ijumaa tulipanga viti arobaini vya plastiki. Wakaja Wazungu wawili waliopotea njia ya Forodhani, muuza kahawa, na paka wasiokuwa na pengine pa kwenda. Waigizaji wangu, mke na mume wanaogombea kichwa cha samaki, waligombana vizuri sana mbele ya viti vitupu. Binamu alisimama pembeni amekunja mikono, na angesema kitu ningemrushia kiti. Nilijua tatizo liko wapi. Wiki nzima nilikuwa nikiwaalika majirani wa zamani, na kila mmoja aliniuliza kiingilio ni kiasi gani. Nikisema ni bure, hunijibu, "Aa, basi hilo la wageni."

Jumamosi asubuhi viti vyangu vikachukuliwa, vikapelekwa kwenye jukwaa jingine lililokuwa na watu. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka. Shangazi aliyasikiliza yote kutoka dirishani, kisha akasema kwa upole, "Si yapo majamvi ya mtaa?"

Majamvi hayo yalinunuliwa kwa michango miaka mingi nyuma, na huwekwa katika ghala dogo ubavuni mwa msikiti. Hutoka kwa mambo mawili, harusi na msiba. Harusini kwetu mtu huja akialikwa, na asipoalikwa hununa mwaka mzima. Msibani haalikwi mtu. Ukipita ukaona majamvi yametandikwa mlangoni kwa watu, na hukusikia habari yoyote ya harusi, unavua viatu unakaa. Huulizi nani amekufa, maana kuuliza mlangoni ni kukosa adabu. Utajua humo humo. Haya nayajua tangu utotoni. Siku ile sijui akili yangu niliiweka wapi.

"Tandikeni kuanzia mlangoni," shangazi akaelekeza. "Na huyo muuza kahawa mwambieni awashe mkaa mapema." Halafu akafunga madirisha yote ya juu. Alisema jua linamuumiza macho.

Tulimaliza kutandika saa saba mchana. Nikaondoka na waigizaji kwenda kufanya mazoezi, niwaondolee aibu ya jana. Kumbe nyuma yangu alipita jirani wa zamani, mama wa Fuoni aliyekuwa akitoka Darajani kununua samaki. Aliyaona majamvi, akaliona birika la kahawa, akayaona madirisha yaliyofungwa. Akaweka kapu chini, akatoa simu, akaingia katika kundi la watu waliohama mtaa ule, akasema kwa sauti ya kilio, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi mkubwa wetu katutoka."

Niliporudi saa kumi nilikuta uchochoro haupitiki. Wanaume wamejaa majamvini, wanawake wamejipanga barazani mpaka kwenye mlango wa nyumba ya pili, kanga vichwani. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mialiko yangu imefanya kazi! Nikaingia katikati yao meno yote nje.

"Karibuni, karibuni! Leo mtafurahi!"

Mama mmoja mnene akaja akanikumbatia kwa nguvu. "Lia, mwanangu," akaninong'oneza. "Usijizuie, utapata maradhi." Nikadhani amesikia habari za Ijumaa. Kwa kweli nililia kidogo, maana ile Ijumaa ilinichoma.

Kisha mzee mmoja akanigusa bega, akaniuliza maiti anasaliwa saa ngapi.

"Maiti gani?"

Akatazama juu, kwenye yale madirisha. Nami nikatazama. Sikuwa nimemwona shangazi tangu adhuhuri. Mzaha wote ukanitoka. Ngazi zile nilizipanda kwa mikono na magoti, nikimwita, na hakuna sauti iliyosema naam. Nilijiona muuaji. Nilimwacha mtu mzima peke yake kwa ajili ya igizo la kichwa cha samaki.

Nilimkuta mbele ya kioo, amevaa dhahabu zake zote, anajibandika kifuani kikuba cha maua ya asumini.

"Washafika wangapi?" akauliza bila kugeuka.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Sikufanya hata moja. Nilikaa kitandani kwake nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Aliposhuka na kutokeza mlangoni, anameta, ananukia, zilipigwa kelele ambazo wenye nyumba za wageni watazikumbuka. Mama mmoja alizimia, akazinduliwa kwa maji ya kahawa. Yule mzee wa maiti akakasirika, tena kwa haki. "Haifai, Bi mkubwa! Mtu hazui kifo!"

"Nani kazua?" shangazi akamjibu. "Mie nimetandika majamvi. Aliyeniua si mimi. Nnaambiwa mtaa huu hauna watu, nami naona watu hawa hapa. Na mshavua viatu, sasa mnakwenda wapi? Kaeni."

Wakakaa. Walianza kucheka wanawake, kisha wanaume wakashindwa kujizuia. Jamaa zetu wa Jambiani, mwendo wa saa nzima kutoka mjini, walikuwa wamekodi gari. Shangazi zangu wengine wawili walitoka moja kwa moja baharini kulima mwani, magauni yao bado mabichi kwa maji ya chumvi. Walikuja na fungu la mihogo ya kupika msibani. Mihogo ikapelekwa jikoni, na igizo likaanza.

Sijapata kuona watazamaji kama wale. Watu waliojiandaa kulia hucheka zaidi ya wengine. Walimwonya mke, walimtukana mume, walimwambia mke akifiche kichwa cha samaki nyuma ya mtungi. Majirani waliopoteana miaka mingi walikuwa wamebanana bega kwa bega.

Igizo lilikuwa limefika nusu binamu yangu alipotokea, anapenya kati ya watu, kiatu kimoja mguuni, analia kwa sauti kubwa bila haya. Kundi lile la simu alikuwa amelizima sauti, kwa sababu watu wa mtaa wanaongea sana. Habari aliipata kwa fundi wake wa gari. Waigizaji wakanyamaza. Akamwona mama yake barazani, kikombe mkononi, na akasimama pale pale kama aliyegongwa.

"Umefika wa mwisho," shangazi akamwambia. Hakusema kwa hasira. "Watu wa Jambiani washafika, washakunywa kahawa. Na wewe ndiye unayetaka nije nikae kwako, unisikie nikianguka."

Binamu akapiga magoti chini ya baraza, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake mbele ya mtaa mzima, akalia upya, na nilijua kuwa sasa halii kwa ajili ya kifo. Shangazi akamvua kofia. Akampangusa jasho kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anayempangusa mtoto wa miaka mitatu.

"Haya, sogea," akamwambia. "Unanizibia igizo."