Kabureta ya Kanja

Mke wangu alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia viligoma. Yalibaki mambo machache ambayo aliweza kuyafanya bila kushikwa, na moja lilikuwa kuingia ndani ya gari letu kuukuu. Kiti chake kiko chini na mlango ni mpana. Aligeuka, akakaa, kisha akauinua ule mguu kwa mkono mzima na kuuingiza ndani. Aliyejaribu kumsaidia alitazamwa mpaka akarudi nyuma. Watoto wetu walipendekeza tununue gari la kisasa. Tulijaribu la jirani, lenye viti vya juu, ikabidi nimbebe kama gunia. Alikataa kulipanda tena.

Kwa hiyo kabureta ilipoharibika, sikuwa na la kuchagua. Gari liliwaka, likaenda kidogo, likazima, hasa kwenye mlima, na Meru yote ni mlima. Mara mbili kwa wiki ilitubidi tufike hospitali kwa mazoezi yake. Fundi wangu ana gereji karibu na uwanja wa Kinoru. Nilimfundisha hesabu darasa la sita na haikumwingia hata kidogo, lakini masikio yake husikia ugonjwa wa injini kabla boneti haijafunguliwa.

"Mwalimu, hii imeisha," aliniambia. "Nimeiosha mpaka nimechoka mimi. Tafuta ingine."

Husemwa ya kale ni dhahabu. Aliyesema hivyo hakuwahi kutafuta spea. Nilizunguka madukani na ile kabureta nimeifunga kwenye gazeti kama sampuli. Muuzaji mmoja aliniuliza kama ni ya jenereta. Mwingine alisema mpya ingeagizwa kutoka nje, akataja bei ambayo pensheni ingeisikia tu kwa mbali.

Ndipo nikafanya kosa ambalo Mmeru yeyote angelifanya. Nilikwenda Maua, kwenye uwanja ambako pikapu za miraa hufunguliwa vipande zikishastaafu. Kila mtu anajua kwamba pikapu ya miraa haistaafu ikiwa na uhai wowote ndani yake; imekimbizana na alfajiri hadi Nairobi miaka yote. Mimi pia nilijua. Lakini kumbe mwenye uwanja alikuwa muthoni wangu, yaani shemeji, binamu wa mke wangu, na mbele ya muthoni mtu hakagui bidhaa kama polisi kizuizini. Alinipa kabureta iliyosuguliwa ikang'aa, nikaipokea kwa mikono miwili na kumshukuru. Ilifanya kazi siku nne. Kuirudisha kungekuwa matusi, kwa hiyo sikuirudisha. Fundi alicheka bila kujificha, akairudisha ile yetu mahali pake.

Ni yeye aliyekumbuka gari lililoko Kanja, upande wa Embu. Aliliona alipokwenda kwa wakwe zake: gari kama langu, injini ileile, limeegeshwa nyumbani kwa mjane mmoja. Tulitoka asubuhi, mimi na yeye. Njiani gari letu lilizima mara saba, na kila mara alifungua kabureta, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo, akatema petroli, tukaendelea. Siku iliyofuata ilikuwa siku ya hospitali.

Tulimkuta mjane akiliosha gari lake. Hakuwa ameona gari lingine kama hilo kwa muda mrefu, na alilizunguka langu kabla ya kutusalimu. Lake lilikuwa safi kuliko langu, limehifadhiwa kwenye banda lililojengwa liwe la ng'ombe. Fundi alimwambia mimi ni mwalimu wake, nami nikamweleza tulichofuata.

"Hiyo haiuzwi, mwalimu," alisema. "Hiyo inawaka."

Akaingia, akazungusha ufunguo, injini ikawaka mara moja. Yeye hajui kuendesha. Tangu mumewe afariki, alinunua petroli ya chupa moja kila wiki, akaliosha Jumatatu, akaliwasha, akakaa kiti cha abiria mpaka aridhike. Watu wa kanisani walimwambia aache. Nilisikiliza ule mlio na, nakiri, nilichokuwa nikifikiria ni kabureta tu.

Nilimwambia habari za mke wangu. Nilizieleza zote, hata lile gunia. Nilijua ninachofanya, na sikuona njia nyingine. Alizima injini.

"Kwa hii yenu anaingia mwenyewe?"

"Anaingia mwenyewe."

"Hashikwi?"

"Hataki kushikwa, mama."

Alitaja bei ndogo kiasi cha kunifanya nitafute kasoro. Kisha akaweka sharti. Kabureta yangu mbovu ifungwe mahali pa ile nzuri, na ifungwe vizuri, na nati zake zote. Kwetu na kwao, kiondo kilicholeta viazi hakirudishwi kitupu, hata kama utakachotia ni vitunguu viwili. Fundi alitaka kumweleza kwamba ile mbovu haina faida. Nilimkanyaga mguu.

"Sitaki shimo kwa hii gari," alisema mjane.

Kazi ilichukua saa moja na kitu. Langu liliwaka likatulia, likanguruma bila kukohoa, na furaha iliyonipata ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa umri wangu. Nilipogeuka, mjane alikuwa ameketi ndani ya lake. Si kiti cha abiria. Alikuwa nyuma ya usukani. Akazungusha ufunguo. Lilishika, likatetemeka, likakohoa mara mbili, likanyamaza. Akajaribu tena, likakohoa, likanyamaza. Fundi aliinama kukusanya spana ambazo zilikuwa zimeshakusanywa.

Niliona aibu. Nikaanza kumwambia kwamba fundi angeweza kurudi kuirekebisha, jambo ambalo sote watatu tulijua si kweli.

"Wacha," alisema. "Hata mzee wangu siku za mwisho alikuwa anakohoa hivyo."

Alishuka, akafunga mlango taratibu, akaokota kitambaa na kuendelea na boneti pale alipokuwa ameachia tulipoingia. Hakututazama tena.

"Endeni sasa," alisema. "Kesho mama asikae akingoja gari."